Fomu ya kozi za kuchagua kwenye shahada ya Uchumi: soma silabasi kabla hujapenda jina

Mteremko (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila usajili ukikaribia napokea swali lile lile: "Kaka, nasoma uchumi, nichukue kozi zipi za kuchagua?" Nimejibu faragha mpaka vidole vimechoka. Leo naliweka hapa, atakayeuliza tena namtumia uzi huu. Ni mrefu, vuta kiti.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa pili nilikuwa na nafasi tatu za kujaza. Ya kwanza nilichagua kozi ambayo haikuwa na kipindi Ijumaa. Ya pili nilichagua kwa sababu waliotutangulia walisema mhadhiri wake hanyimi alama. Ya tatu ilikuwa "Uchumi wa Fedha wa Kimataifa", na sababu pekee ni kwamba jina lilijaa mdomoni. Ukilitamka mbele ya wajomba, wanatikisa kichwa. Zote tatu nilifaulu vizuri tu.

Nikamaliza, nikaitwa usaili wa kwanza, nafasi ya mchambuzi kwenye kampuni ya rejareja. Hakuna aliyeniuliza habari za viwango vya kubadilisha fedha. Waliniwekea kompyuta yenye faili moja la ekseli: tarehe, namba ya duka, bei, idadi iliyouzwa. Maelfu ya mistari. Yule mama aliyekuwa ananisaili akasema: "Mwezi wa saba tulipandisha bei kwenye baadhi ya maduka. Mauzo yakashuka. Tuambie, ni bei? Una dakika arobaini." Nikachukua karatasi, nikamchorea mchoro wa mahitaji, mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, nikaweka na alama za P (bei) na Q (idadi). Aliutazama kwa upole, akauliza: "Na hili ni duka namba ngapi?"

Sikuwa na jibu. Faili nililifunga kama nilivyolikuta.

Jibu lilikuwa jepesi kwa anayejua. Maduka mengine hayakupandisha bei. Unachukua yaliyopandisha, unaona mauzo yalibadilika kiasi gani kabla na baada. Unachukua yasiyopandisha, unafanya vivyo hivyo. Kisha unatoa badiliko moja kwenye lingine. Ikiwa hata wasiopandisha mauzo yao yalishuka, basi sehemu ya anguko ni msimu tu, bei inasingiziwa. Tofauti ya tofauti, ndivyo inavyoitwa. David Card na Alan Krueger waliitumia kuchunguza kima cha chini cha mshahara: jimbo la New Jersey lilikipandisha mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania halikupandisha. Wakahoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada, na hawakuona ajira zikipungua New Jersey. Utafiti ulitoka mwaka 1994, ukabishaniwa sana, na mwaka 2021 Card akawa mmoja wa waliopewa Nobel ya uchumi (Krueger alishafariki mwaka 2019). Kutoa na kujumlisha kwenyewe hata mtoto wa shule ya msingi anaweza. Kazi ni kujua utoe nini kwenye nini.

Na kozi ya kunifundisha hilo ilikuwepo. Ekonometriki ya Pili, yaani kozi ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Jumatano na Ijumaa asubuhi.

Sasa nimekaa upande wa pili wa meza miaka kadhaa, nasoma maombi ya kazi ya vijana. Naomba niseme ninachokiona.

Jina la kozi halitusaidii sana. Kuna "Uchumi wa Maendeleo" ambayo ni mihadhara kumi na miwili na mtihani wa insha tatu, na kuna "Uchumi wa Maendeleo" ambayo mwanafunzi anapewa data ya kaya, anaisafisha mwenyewe, anaandika ripoti ya kurasa kumi na tano. Kwenye cheti cha alama zinafanana kama pacha. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, tafuta silabasi ya mwaka jana na uanzie nyuma, pale panapoeleza alama zinatolewaje. Jiulize: mwisho wa muhula nitakuwa nimekabidhi nini? Kama ni mtihani wa kukariri peke yake, basi kitakachobaki baada ya miezi sita ni herufi moja kwenye karatasi. Kama ni ripoti, msimbo wa kompyuta, uchambuzi, wasilisho, una kitu cha kumtolea mtu mezani.

Kisha fungua matangazo ya kazi ya ngazi ya chini kwenye eneo unalolitaka. Ishirini yanatosha. Usiangalie cheo, pigia mstari vitenzi: kukadiria, kusafisha data, kuandaa muhtasari, kutabiri, kukagua, kujadiliana. Vitenzi vinavyojirudia ndivyo unavyotakiwa kuvitafuta kwenye silabasi. Mimi ningefanya hivi Jumamosi moja tu, ningeokoa miaka miwili.

La mwisho, ambalo watu wengi hulikumbuka usajili ukishafungwa, ni kozi tangulizi. Kozi nzuri za mwaka wa tatu hufungwa na kozi za mwaka wa pili. Ukikosa kiungo kimoja, mnyororo wote unakatika. Chora kutoka mwisho kuja mwanzo: hii ninayoitaka inadai ile, ile inadai hii. Ndipo unajua muhula huu ujaze nini.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu tofauti karibuni mnikosoe.

---

Kinda wa Uchumi

Kaka Mteremko, umenigusa penyewe. Mimi ndiye wa fomu. Nina nafasi nne: mbili muhula ujao, mbili mwaka wa mwisho. Orodha niliyopewa: Ekonometriki ya Pili, Mfululizo wa Wakati, Nadharia ya Michezo, Fedha na Benki, Uchumi wa Maendeleo, Uchumi wa Viwanda, Historia ya Uchumi, na tunaruhusiwa kuchukua moja kutoka kitivo cha biashara.

Ndoto yangu ni benki kuu au wizara. Lakini kusema kweli sijui kama ni ndoto au ni kwa sababu kila mtu darasani anasema hivyo. Na hisabati inanitisha, kalkulasi nilipata C, nusura nirudie mtihani.

---

Dada Salio

Mdogo wangu Kinda, karibu. Mimi nipo benki ya biashara, idara ya mikopo, huu mwaka wa tisa. Nitasema jambo moja ambalo idara za uchumi hazipendi kulisikia: chukua uhasibu.

Nilipoanza kazi nilikuwa najua kueleza kwa nini riba ikipanda uwekezaji unapungua. Faili la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la kampuni iliyoomba mkopo, na taarifa ya mapato ilionyesha faida nzuri miaka mitatu mfululizo. Nikapendekeza wapewe. Msimamizi wangu akafungua ukurasa wa mtiririko wa fedha, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: fedha kutokana na shughuli za uendeshaji, hasi, miaka yote mitatu. Wanauza kwa mkopo, wateja hawalipi, faida ipo kwenye karatasi na benki hakuna kitu. "Hawa watakulipa kwa nini? Kwa faida?" Mpaka leo nikifungua faili lolote naanza na ukurasa ule.

Hilo halifundishwi kwenye Fedha na Benki. Huko utafundishwa kazi za fedha, uundaji wa fedha, sera za benki kuu. Vizuri, ila ni kozi ya uchumi yenye neno benki ndani yake. Anayetaka kukaa kwenye dawati la mikopo, uwekezaji au ushauri wa fedha, nafasi yake ya kitivo cha biashara aitumie kwa uhasibu wa fedha, na akipata ya pili, fedha za makampuni. Hata wanaolenga CFA, ile sifa ya kitaaluma ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, watazame mtihani wa ngazi ya kwanza: una maeneo kumi, na uchumi ni moja tu kati ya hayo. Uchambuzi wa taarifa za fedha, hisa, hatifungani, vyote hivyo vinakusubiri.

---

Epsiloni

Nipo shahada ya uzamivu, mwaka wa tatu. Naongea na kundi dogo tu: mnaotaka kuendelea kusoma mpaka mwisho wa njia.

Ninyi fomu yenu ya kozi za uchumi iacheni kwanza. Nendeni idara ya hisabati. Kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, na ukiweza, uchambuzi wa namba halisi. Hii ya mwisho ndiyo inayowashtua watu, kwa sababu hakuna kukokotoa, ni kuthibitisha. Unapewa sentensi mbili, unakaa nazo jioni nzima, kesho yake unarudi na nusu ukurasa. Mwaka wa kwanza wa uzamivu ni maikro, makro na ekonometriki, na zote tatu zinaandikwa kwa lugha hiyo. Kuna wenzangu walikuja na kozi saba za uchumi zenye majina mazuri na hawakuwahi kuandika uthibitisho hata mmoja. Wiki ya pili walikuwa hawalali.

Jingine: chagua angalau darasa moja dogo, la watu kumi au kumi na tano, lenye utafiti. Barua ya kukupendekeza inaandikwa na mtu anayekujua. Mhadhiri wa watu mia tatu ataandika kwamba ulifaulu, na hilo lipo tayari kwenye cheti chako.

Kinda, kama haya hayakuhusu, yapite tu. Huhitaji uchambuzi wa namba halisi kufanya kazi wizarani.

---

Kalamu Kavu

Nimesoma mpaka hapa kwa subira. Mnamtengeneza mtoto wa watu awe kikokotoo.

Mimi nilichukua Historia ya Uchumi na Uchumi wa Taasisi, nikacheka na wenzangu waliokuwa wanahangaika na matrisi, yale majedwali ya namba ya hisabati. Leo naandika muhtasari wa sera, kurasa mbili, unaosomwa na watu wenye dakika tano. Hakuna siku niliyoombwa matrisi. Naombwa nieleze kwa nini mpango unaofanana na huu uliwahi kujaribiwa na ukashindikana.

Mfano mkubwa: mwaka 2008 mabenki yalipoanza kuanguka, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani alikuwa Ben Bernanke, mtu aliyetumia miaka kuchunguza Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 na jinsi kufa kwa mabenki kulivyourefusha. Mwaka 2022 akapewa Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na wachumi Douglas Diamond na Philip Dybvig. Na Elinor Ostrom, Nobel ya 2009, elimu yake ilikuwa sayansi ya siasa. Alikwenda kuwatazama wavuvi na wakulima wa skimu za maji wanavyojiwekea kanuni zao. Nani atamfundisha Kinda kutazama hivyo? Ekonometriki ya Pili?

---

Mteremko

Kalamu Kavu, nakubali nusu, na nusu hiyo naipa uzito. Kati ya vijana ninaowasaili, wanaojua kuendesha regresheni (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine kwenye data) sasa ni wengi. Wanaojua kuandika aya moja inayosema regresheni imeonyesha nini, bila kujificha nyuma ya majedwali, ni wa kutafuta kwa tochi. Kozi yoyote inayokulazimisha kuandika, ukarudishiwa na wino mwekundu, ukaandika tena, ina thamani. Hata iwe historia. Niseme, hasa ikiwa historia.

Ila mifano yako inakugeuka kidogo. Bernanke alichimba 1930 kwa takwimu za mabenki. Claudia Goldin, Nobel ya 2023, ni mwanahistoria wa uchumi wa kweli kweli, aliyekaa kwenye nyaraka za zaidi ya miaka 200 kuonyesha kwamba kazi ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa haiandikwi ipasavyo kwenye sensa za zamani. Angekuwa hana uwezo wa kupima, angesema "wanawake walifanya kazi zaidi ya tunavyodhani" na watu wangepiga makofi, wakaenda nyumbani. Alihesabu, ndiyo maana tunabishana naye kwa namba zake.

Kwa hiyo mimi nikiona kijana kachukua Historia ya Uchumi pamoja na Ekonometriki ya Pili, namwita usaili kabla ya aliyechukua Ekonometriki tatu.

Na ngoja nikupe mfano wa kazi ya darasani iliyokwenda mbali kuliko darasa. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha matokeo kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa hukua vibaya sana, wastani wa asilimia hasi 0.1. Wanasiasa waliishika namba hiyo kwa mikono miwili. Mwanafunzi wa uzamivu pale Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la kozi ya ekonometriki: chagua utafiti uliochapishwa, urudie mwenyewe uone kama utapata majibu yale yale. Hakupata. Akaomba faili la awali, akaletewa, akalifungua. Fomula ya wastani ilikuwa imeishia mistari mitano kabla ya mwisho, nchi tano zimeachwa nje. Pamoja na hoja nyingine za jinsi data ilivyochaguliwa na kupewa uzito, yeye na wahadhiri wake walipata wastani wa asilimia 2.2. Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Wenyewe walikiri kosa la fomula, ingawa walisimamia hoja yao kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo.

Silabasi ikiwa na zoezi la namna hiyo, la kurudia utafiti wa mtu, usiulize kozi inaitwaje. Jiandikishe.

---

Dada Salio

Ile habari ya fomula kuishia katikati nimeisoma huku nimeshika kifua. Nimeshafanya hivyo mwenyewe, bahati nzuri ilikuwa ripoti ya ndani.

---

Nusu Alama

Wakuu, mnaongea kama watu ambao tayari wana kazi. Tuongee ukweli wa huku chini. Waajiri wengi na wafadhili wa masomo wanachuja kwanza kwa wastani wa alama, kompyuta inakutupa nje kabla binadamu hajaona kwamba ulichukua Mfululizo wa Wakati kwa ujasiri. Mimi nilifuata ushauri kama huu. Muhula mmoja nikabeba ekonometriki, nadharia ya michezo na kozi ya programu, zote zenye mradi. Nikatoka na D mbili, nikashuka daraja. Ujasiri haukuandikwa popote kwenye cheti.

---

Epsiloni

Nusu Alama ana hoja, asipuuzwe. Kosa nadhani halikuwa kuchagua kozi ngumu, lilikuwa kuzirundika. Kozi zenye mradi zote hudai damu wiki ile ile, ya pili kutoka mwisho. Mimi nilijiwekea kanuni ya moja ngumu, moja ya kati, kwa muhula. Na kuna njia nyingine ambayo wanafunzi hawaitumii: omba ruhusa ya kukaa darasani bila kuandikishwa. Wahadhiri wengi hawakatai. Unasikiliza mwezi mmoja, unafanya mazoezi ya kwanza, mwaka unaofuata ukiichukua rasmi nusu ya mlima ulishaupanda.

---

Mteremko

Naongeza kwa Nusu Alama. Kama mfumo wenu unachuja kwa wastani na wewe upo ukingoni mwa daraja, kulinda daraja ni sehemu ya mpango wa kazi, usione haya. Tumia nafasi moja kwa kozi utakayoifaulu bila jasho. Moja. Tatu ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu.

---

Mnada wa Mwisho

Naona mmesahau sekta binafsi isiyo benki, niwagusie upesi maana nipo kazini.

Mimi nafanya kazi ya kupanga bei kwenye jukwaa la mtandaoni. Kozi mbili zinanilisha: Nadharia ya Michezo na Uchumi wa Viwanda. Ya kwanza inakufundisha kujiuliza "nikishusha bei, mwenzangu atafanya nini, na mimi nitafanya nini baada ya yeye kufanya". Ya pili inakupa kipimo: soko hili lina ushindani kiasi gani, nani ana nguvu ya kuamua bei. Mamlaka za ushindani zinaajiri watu wa namna hii, kampuni za ushauri pia, na zile kampuni kubwa za teknolojia zinazouza matangazo kwa mnada kila sekunde.

Msidhani ni nadharia ya hewani. Paul Milgrom na Robert Wilson walitumia nadharia hii hii kubuni namna ya kunadi masafa ya redio Marekani, mnada wa kwanza ukafanyika mwaka 1994, na Nobel wakapewa mwaka 2020. Ila nakubaliana na mwenye uzi: bila kujua kushika data, nadharia ya michezo inabaki kuwa stori nzuri za wafungwa wawili, ule mfano wa vitabuni wa kila mmoja kuamua amchongee mwenzake au anyamaze.

---

Kinda wa Uchumi

Nimefanya zoezi la matangazo ya kazi jana usiku. Sikupata ishirini, nilipata kumi na saba. Benki kuu na wizara: "kutabiri" na "kuandaa muhtasari" zimejirudia kuliko zote. "Data" ipo karibu kila tangazo. Kilichonishangaza, "uchumi wa maendeleo" kama maneno sikuliona kwenye tangazo lolote, hata ya mashirika ya maendeleo. Wao wameandika tathmini ya miradi, sampuli, dodoso.

Pia nimeulizia silabasi. Mfululizo wa Wakati inadai Ekonometriki ya Pili kwanza. Uchumi wa Maendeleo ni insha na mtihani. Historia ya Uchumi ina insha mbili, ya kwanza inarudishwa na maoni, unaiandika upya. Nadharia ya Michezo hawajanijibu.

Naogopa bado ile C.

---

Epsiloni

Kinda, C ya kalkulasi ilitokana na nini? Hukuelewa, au hukufanya mazoezi? Ni magonjwa mawili tofauti. Ekonometriki ya Pili kwa ngazi yako inatumia zaidi matrisi na uwezekano kuliko kalkulasi ngumu. Kama unaweza kuzidisha matrisi mbili bila kuchungulia, na unajua maana ya wastani wa sampuli kuyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, utapona.

---

Kinda wa Uchumi

Sikufanya mazoezi. Nilikuwa nasubiri wiki ya mwisho nipitie mitihani iliyopita.

---

Mteremko

Basi ugonjwa wako una dawa. 😄

Umefanya kazi nzuri kuliko niliyofanya mimi umri wako. Kwa ulichokiandika, "kutabiri" ndiyo Mfululizo wa Wakati. Usidhani ni kupanua mstari wa jana uende kesho. Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walionyesha kwamba ukichukua mifululizo miwili isiyohusiana kabisa, kila mmoja unatangatanga kivyake, regresheni mara nyingi itakuapia kwamba inahusiana. Mtu wa benki kuu asiyejua hilo atagundua kila wiki sababu mpya ya mfumuko wa bei. Granger baadaye, pamoja na Robert Engle, walipata Nobel ya 2003 kwa kazi zao za eneo hili.

Kwa hiyo mnyororo wako unajichora wenyewe: Ekonometriki ya Pili muhula ujao, Mfululizo wa Wakati mwaka wa mwisho. Ya pili ya muhula ujao ningeweka Historia ya Uchumi, kwa sababu ya ile insha inayorudi. Kalamu Kavu utanidai soda. Na ya mwisho kabisa uiache wazi, kwa sababu umesema mwenyewe hujui kama benki kuu ni ndoto yako au ya darasa zima. Mafunzo kwa vitendo ya likizo yatakujibu. Ukitoka huko unapenda fedha, chukua uhasibu wa Dada Salio. Ukitoka unapenda kutathmini miradi, tafuta kozi ya sampuli na dodoso idara ya takwimu, achana na insha za maendeleo.

---

Kalamu Kavu

Soda nadai. Kinda, kwenye insha ya kwanza usiogope wino mwekundu. Yangu ilirudi imekatwa ukurasa mzima wa kwanza, pembeni mhadhiri kaandika: "Anzia hapa", mshale ukielekea ukurasa wa pili.

---

Dada Salio

Na msimwache aende mafunzo kwa vitendo akapewa kazi ya kutoa nakala. Mdogo wangu, siku ya kwanza omba wakuonyeshe ripoti moja iliyokamilika, na data iliyotumika kuiandaa. Jaribu kuitengeneza upya kimya kimya. Ukikwama, hapo ndipo una swali la maana la kumuuliza mtu.

---

Nusu Alama

Kinda, ushauri wangu ni mmoja: usichanganye Ekonometriki na Nadharia ya Michezo muhula mmoja. Hata wakikujibu kwamba silabasi ni nzuri. Nimekwambia.

---

Kinda wa Uchumi

Wakuu, mrejesho.

Fomu nimejaza: Ekonometriki ya Pili na Historia ya Uchumi. Mfumo ukanikatalia ya kwanza, kumbe inadai angalau B kwenye kalkulasi, hiyo haikuandikwa kwenye silabasi niliyopewa. Nilikaa nikitazama skrini kama dakika kumi. Halafu nikamwandikia mhadhiri, nikamweleza ile C ilivyopatikana, bila kujitetea, nikaomba kama sitakubaliwa basi niruhusiwe kukaa darasani bila kuandikishwa.

Kajibu leo asubuhi, mistari miwili. "Njoo ofisini Alhamisi saa nne. Beba karatasi, utazidisha matrisi mbele yangu."

Leo Jumatatu. Epsiloni, uko wapi?

---

Epsiloni

Nipo. Fungua ujumbe wa faragha, nimeshakutumia hesabu kumi za matrisi za kuanzia. Ya saba ina mtego.